Bendera ya Asahel Pettengill

Eunice Pettengill alijifunza kusoma makaburini. Si kwamba Shadwick haikuwa na shule. Ilikuwa nayo, ingawa jiko lake la kuni lilitoa moshi mwingi kuliko elimu. Lakini kila theluji ilipoyeyuka mama yake alikwenda Jumamosi kung'oa magugu kwenye makaburi ya ukoo, na mtoto aliyeambiwa akae kwenye majani atulie atafanya nini, kama si kufuatisha herufi za mawe kwa kidole? Siku moja, akiwa na miaka mitano, kidole kilifuata E, kikafuata U, kikaenda polepole hadi mwisho, na Eunice akagundua kwamba ameshakufa.

"Mama," aliita, "mimi nimezikwa hapa."

Mama yake hakuinua hata kichwa. "Huyo ni dada yako. Alikutangulia. Dondakoo lilimchukua akiwa na miaka miwili."

"Mbona ana jina langu?"

"Wewe ndiye una jina lake. Lilikuwa jina zuri, na yeye hakupata muda wa kulitumia. Lete ndoo."

Mambo ndiyo hayo. Zamani kwenye vilima vile vya Massachusetts mtoto akifa, jina lake lilimngoja atakayefuata. Kufikia mwaka 1922, Eunice alipozaliwa, watu walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, ila mama yake hakuwa mtu wa kuacha kitu kwa sababu tu majirani wameacha. Eunice hakuona ubaya wowote. Kila siku yake ya kuzaliwa alipeleka ua kwenye lile jiwe dogo, akasema, "Nimejiletea zawadi."

Alipika chakula cha shule ya Shadwick miaka thelathini na mmoja. Hakuolewa. Akiulizwa, alisema alishaposwa na sufuria ya lita arobaini na hakuona mwanaume mwenye kifua kama kile. Alipostaafu alirudi kukaa kwenye nyumba ya wazazi wake mlimani pamoja na kaka yake Wendell, mgane aliyemzidi miaka minane, mwenye ng'ombe watatu na maoni juu ya kila kitu. Jumapili Eunice aliimba sauti ya pili kwenye kanisa jeupe. Siku nyingine zote alisali akiosha vyombo, kwa sababu, alisema, Mungu amezoea kumsikia kukiwa na kelele za sahani.

Maisha yake yangekwenda hivyo hivyo hadi mwisho, kama moyo wa Wendell usingeanza kugoma.

Ilikuwa Machi mwaka 1988, msimu wa tope, wakati magari ya Shadwick yanapozama hadi kwenye mhimili na watu wanatembeleana kwa simu tu. Daktari alimpima Wendell, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba majani ya miti yatakapobadilika rangi mwezi wa kumi, Wendell huenda asiwepo kuyaona.

"Nimeyaona mara sabini na tatu," Wendell alimjibu. "Ni mekundu."

Lakini jioni, akila supu yake, aliweka kijiko chini.

"Eunice, nataka kitu kimoja."

"Chumvi hupewi."

"Si chumvi. Nataka nione bendera kwenye kaburi la Mzee Asahel, kabla sijachomekewa yangu."

Eunice aliacha kutafuna. Afadhali angeomba chumvi.

Kila mwisho wa Mei, Siku ya Kuwakumbuka Wanajeshi, wanaume wa Shadwick huzunguka makaburini wakichomeka bendera ndogo kwenye kaburi la kila aliyepigana vita, kuanzia ile ya kumfukuza Mfalme wa Uingereza hadi ile ya Wendell na hizi za majuzi. Mzee Asahel Pettengill, babu wa babu wa babu yao Eunice na Wendell, alikwenda kumfukuza mfalme akiwa kijana. Hivyo ndivyo walivyofundishwa tangu wakinyonya. Lakini kaburi lake halijawahi kuchomekewa hata unyoya. Orodha ya makaburi ya bendera ilikuwa mikononi mwa Merle Pettengill, aliyeirithi kwa baba yake, na Merle alikuwa Pettengill wa Mtoni.

Akina Pettengill wa Mlimani walitoka kwa Asahel. Wale wa Mtoni walitoka kwa mdogo wake, Joel, ambaye wakati wa vita alibaki nyumbani. Wa Mlimani hawakuwaachia wa Mtoni wasahau hilo: babu yetu alishika bunduki, babu yenu alishika mkia wa kondoo. Nao wa Mtoni walikuwa na jibu lao, nalo lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa na maandishi. Kitabu cha mji kilisema Asahel, mwana wa Joseph Pettengill, alizaliwa mwaka 1757. Kitabu cha kanisa kilisema Asahel, mwana wa Joseph Pettengill, alikufa kwa dondakoo mwaka 1759. Basi. Hakukuwa na Asahel mwingine kwenye kitabu chochote. Kwa hiyo watoto wa Mtoni, vizazi vitano, waliwaimbia watoto wa Mlimani njiani wakitoka shule: "Watoto wa maiti! Babu yenu alikufa hajaota magego!"

Eunice alivaa mabuti ya Wendell, akashuka mlima kwa miguu.

Merle alikuwa kwenye kibanda chake akichemsha utomvu mtamu wa miti uwe shira. Mvuke ulijaa hadi darini, na kofia yake tu ndiyo iliyoonekana.

"Nani huyo anayeniingizia tope?"

"Ni mimi, Eunice."

"Eunice yupi? Aliye hai au yule mwingine?"

"Yule mwingine ana adabu, asingekuja kwako. Merle, Wendell anaumwa."

Kofia ilitoka mvukeni, na chini yake uso mrefu wa Merle. "Nimesikia. Nitampelekea chupa ya shira."

"Hataki shira. Anataka bendera kwa Mzee Asahel, mwaka huu."

Merle alichota povu kwa mwiko mrefu, akalimwaga pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa orodha. Wapo watu ambao Mungu amewapa sauti, wengine amewapa mikono ya kukanda unga. Merle alipewa orodha.

"Binamu," alisema, "nikichomeka bendera kwa mtoto wa miaka miwili, mwakani nitachomeka kwa mbwa wa nani?"

"Kulikuwa na wawili, Merle. Wa kwanza akafa, wa pili akapewa jina. Kama mimi. Nimekwambia tangu tuko darasa la pili."

"Na mimi nimekwambia tangu darasa la pili: leta karatasi. Wewe naona. Una jiwe, na dada yako ana jiwe. Huyo wenu ana jiwe moja, lililowekwa na wajukuu, linalosema alikufa 1836 akiwa na miaka sabini na tisa. Toa hesabu. Alizaliwa 1757. Ndiye yule yule aliyekufa 1759! Halafu orodha ya kikosi inasema aliandikishwa 1777 akiwa na miaka kumi na saba. Toa hesabu tena, unapata 1760. Sasa huyo mtu alizaliwa mara ngapi? Baba yangu alisema ni Mwingereza aliyetoroka jeshi la mfalme, akafika hapa, akajitwalia jina la marehemu."

"Hata Injili mbili zinampa Yusufu baba wawili tofauti, na hakuna anayesema alikuwa Mwingereza."

Merle alitaka kucheka, akajizuia. "Leta karatasi."

"Karatasi ilikuwa kwenye Biblia ya ukoo, mliyonayo ninyi, nanyi mkachana ukurasa!"

Hapo mwiko ukatua mezani kwa kishindo. Kila familia ina jambo ambalo halitajwi wakati wa kula, na kwa akina Pettengill lilikuwa hilo. Biblia kubwa ya Joseph ilikaa Mtoni, na ukurasa wa kuandikia vizazi, ule wa katikati, haukuwemo. Kilibaki kipande cha upana wa kidole kwenye mshono.

"Sisi?" Merle alisema. "Sisi? Bibi yako alikuja kuiazima mwaka 1911 kwa ajili ya ubatizo, akairudisha na kidonda!"

"Bibi yangu alikuta kidonda! Babu yako mkubwa ndiye aliyeuchana ili asisome jina la Asahel kila Krismasi!"

"Shira yangu inaungua," Merle alisema. "Nenda nyumbani, Eunice wa Pili. Msalimie Wendell. Na hiyo chupa beba."

Alibeba. Alipanda mlima akiwa na hasira upande mmoja na shira upande mwingine, na njiani akamwambia Mungu waziwazi kwamba karatasi hiyo, kama ipo, Yeye anajua ilipo, na kwamba Wendell hana muda wa mafumbo.

Aprili nzima aliitumia kutafuta. Alikaa kwenye chumba cha chuma cha ofisi ya mji akisoma vitabu vyenye harufu ya panya wa zamani. Kitabu cha mji kiliandikwa na karani ambaye, kuanzia mwaka 1759, mwandiko wake ulianza kulegea, na mwaka 1760 hakuandika mtoto hata mmoja, kana kwamba Shadwick nzima ililala vyumba tofauti. Huenda aliugua. Huenda alikunywa. Mwaka 1761 akaja karani mwingine. Kwa hiyo mwaka ule ule aliouhitaji Eunice ndio uliokosekana.

Siku tope lilipokauka alimwomba mhubiri lifti hadi mji wa wilaya, kwenye maktaba yenye chumba cha nasaba. Msimamizi wake alikuwa mama wa Kipolandi, Halina Kosciak, mfupi, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Kila anayeingia hapa ananiambia babu yake alipigana," Halina alisema. "Nashangaa mfalme alichukua miaka minane kushindwa. Mjane aliacha?"

"Aliacha. Mehitable."

"Alikuwa hai mwaka 1838?"

"Alikufa 1841."

Halina alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani. "Mwaka huo wajane walianza kupewa pensheni. Na pensheni haitoki bila kiapo. Mama huyo alikwenda mbele ya hakimu akaeleza maisha yake yote, na kila alichosema kiko Washington kwenye jalada. Chukua fomu hii. Jaza, tuma, ngoja."

Eunice alijaza kwa herufi kubwa, akaibusu bahasha, akaitumbukiza. Wiki ya tatu ya Aprili jalada likaja kwa posta, nene kama mkate. Wendell alikaa kitandani, Eunice akamsomea. Asahel Pettengill, askari, alipoteza mguu wa kushoto.

"Hakupoteza mguu," Wendell alisema.

"Labda hawakutuambia."

"Eunice, mtu hawezi kupoteza mguu ukoo mzima usijue. Endelea."

Akaoa mke anayeitwa Prudence. Akahamia Ohio. Akafa huko.

"Huyo ni wa Connecticut," Wendell alisema, akilaza kichwa. "Fomu uliandika jimbo?"

Eunice alichukua nakala ya fomu. Kisanduku cha jimbo kilikuwa kitupu, cheupe, safi. Alikuwa na haraka mno ya kuibusu bahasha.

Hakulia mbele ya Wendell. Alikwenda jikoni, akaosha sahani ambazo zilikuwa safi, akazungumza na Mungu kwa sauti ya chini. Kisha akajaza fomu nyingine. Mei ilikuwa imebisha hodi, na Wendell sasa alipumzika mara mbili kati ya kitanda na dirisha.

"Isipofika kabla ya siku yenyewe," alimwambia, "usigombane na Merle makaburini. Nitakuwa nimelala pale pale karibu, nitasikia aibu."

"Nyamaza, unywe dawa."

"Mwambie tu Asahel kwamba tulijaribu."

Bahasha ya pili ilifika Ijumaa, siku tatu kabla ya Siku ya Kuwakumbuka Wanajeshi. Eunice hakusubiri kufika nyumbani. Aliifungua pale pale kwenye kaunta ya posta, mbele ya Bi Lottie wa stempu, ambaye tayari alikuwa amejua kwa uzito wake kwamba ni ya Washington.

Karatasi ya kwanza ilikuwa kiapo cha Mehitable Pettengill, miaka sabini na sita, mjane wa Asahel wa Shadwick. Hakujua kuandika; mwisho palikuwa na alama ya msalaba iliyopinda. Eunice alisoma kwa sauti, kwa sababu Bi Lottie alikuwa ameshaegemea:

"'Cheti cha ndoa sina. Mchungaji aliyetufungisha ndoa amekwisha kufa, na mashahidi pia. Ushahidi nilio nao ni ukurasa wa Biblia yetu, nilioutoa leo kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya hakimu.'"

"Mama yangu wee," alisema Bi Lottie.

Eunice alifungua karatasi ya pili. Ilikuwa fotokopi ya ukurasa mdogo, wino umefifia, na upande wa kushoto ukingo uliochanika wenye meno meno, kama mgongo wa nungunungu.

Hakusoma zaidi. Alikunja kila kitu, akasahau pochi yake kaunta, akashuka kwenda Mtoni, mwanamke wa miaka sitini na sita akikimbia barabara kuu na aproni. Watu watatu walitoka nje wakidhani kanisa linaungua.

Merle alikuwa uani akizihesabu bendera ndani ya ndoo.

"Toa Biblia," Eunice alisema.

"Salamu kwanza, basi."

"Merle, toa Biblia!"

Kuna namna ya kuongea ambayo mpishi wa shule huitumia kwa darasa la sita, na hata mzee anayekaribia miaka sabini huitii. Merle aliingia ndani. Eunice alisikia kifuniko cha friza kikifunguliwa. Akarudi na foronya iliyoganda, na ndani yake Biblia.

"Mnaiweka kwenye friza?"

"Kwa sababu ya wadudu. Chini ya nyama ya paa. Hakuna mwizi atakayefukua nyama yote ile."

Waliiweka kwenye meza ya uani, ikitoa mvuke kwenye jua la Mei. Merle alifungua katikati kwa vidole viwili. Kile kipande cha upana wa kidole kilikuwepo, na meno yake. Eunice alisogeza fotokopi taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kitandani bila kumwamsha. Jino likaingia pengo. Pengo likapokea jino. Kutoka juu hadi chini.

Merle alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Kwa hiyo Eunice ndiye aliyesoma.

"'Asahel, alizaliwa tarehe nne Mei 1757. Alichukuliwa na Bwana tarehe tisa Oktoba 1759.'" Alishusha kidole mstari mmoja. "'Asahel, wa pili wa jina hilo, alizaliwa tarehe mbili Machi 1760.'"

"Machi," Merle alisema. Akahesabu kwa vidole. "Basi mama yao alimzika yule akiwa na mimba ya huyu."

"Ya miezi minne."

Kuku wa Merle walipita katikati yao.

"Kwa hiyo hakuna aliyechana," Merle alisema mwishoni.

"Alichana mwenyewe mwenye Biblia. Alitaka pensheni."

"Miaka mia moja na hamsini, Eunice. Babu yangu alikataa kwenda kumzika babu yako."

"Na bibi yangu aliwahi kuweka chumvi badala ya sukari kwenye pai ya mama yako, kwa makusudi. Alikiri kabla hajafa."

"Tulijua! Baba aliila yote asionekane ameshindwa." Merle aligonga meza, akacheka hadi akakohoa. Kisha akaona kwamba kuna karatasi ya tatu. "Na hii?"

Eunice alikuwa hajaiona. Ilikuwa kiapo cha shahidi. Aliitazama mistari miwili ya juu, akamsukumia Merle.

Merle alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. "'Mimi, Joel Pettengill, mwenye miaka sabini na minne, naapa kwamba marehemu Asahel alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Alipokwenda vitani nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikachunga kondoo zamu yangu na zamu yake. Alirudi na koti lisilo lake na kiatu kimoja, nami nikampa changu. Mke wake namjua tangu siku ya harusi, nilicheza ngoma hadi alfajiri. Sasa amebaki peke yake, anakaa nyumbani kwangu, na Biblia yao iko kwangu.'"

Alisoma tena ile sehemu ya kiatu. Halafu akasema, huku akiangalia kwenye ndoo ya bendera, "Alimpa kiatu."

"Alimpa."

"Nasi tukakaa tunasema kondoo, kondoo."

"Ni sisi tuliosema kondoo," alisema Eunice. "Ninyi mlisema maiti."

Merle alichukua bendera moja, akainyoosha kitambaa chake kwenye goti. "Lakini jiwe limekosea," alisema, sauti yake ya orodha ikirudi. "Alikufa na miaka sabini na sita. Wajukuu walichukua tarehe ya yule mtoto. Nitaandika hivyo pembeni, siwezi kuacha."

"Andika chochote unachotaka, Merle, mradi uichomeke."

Jumatatu ilikuwa na upepo. Wendell alipelekwa makaburini kwa pikapu, amefungwa mablanketi matatu kama mzigo wa kioo, na dirisha limeshushwa. Bendi ya shule ilipiga wimbo ambao watu walibishana ni upi. Merle alikuja na ndoo yake, akaanza na makaburi ya chini kama kawaida, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja, huku Wendell akinung'unika kwamba mtu huyu atamuua kwa utaratibu wake. Hatimaye akafika kwenye jiwe la Asahel. Alipiga goti, jambo ambalo hakulifanya kwenye makaburi mengine. Akachomeka bendera. Kisha akatoa ya pili kutoka ndani ya koti, ndogo zaidi, akamtazama Eunice.

"Hii ni ya Joel. Haimo kwenye orodha. Ni ya kiatu."

"Mungu anaona, Merle."

"Mungu ndiyo, wasione wale wa kamati ya bendera."

Garini, Wendell alitazama kitambaa kikipigwa na upepo. Machozi yalimshuka, akayaacha. Eunice alimshika mkono kupitia dirishani.

"Umeona?" alimuuliza.

"Nimeona." Akavuta kamasi. "Haijanyooka."

Alirudi nyumbani, akala vipande viwili vya pai ya tufaha, akalala vizuri. Juni akasema atangoja hadi mahindi yaive. Mahindi yalipoiva akasema si vibaya kuyatazama majani mara moja zaidi. Majani yalibadilika, na yalikuwa mekundu, na Wendell alikuwepo kuyaona. Daktari alisema kuna mambo ambayo vitabu vyake havina. Eunice alisema hilo si jambo geni, vitabu vina mapengo, yeye amekaa navyo Aprili nzima.

Aliyeitwa na Mungu kwanza ni Eunice. Ilikuwa Februari ya mwaka 1992, Jumamosi, jikoni mwa kanisa, maharage ya chakula cha jioni yakiwa kwenye oveni na shira ya Merle ndani yake. Aliwaambia wenzake ngoja aketi kidogo. Alikaa kwenye kiti cha kona, akaweka kitambaa cha vyombo magotini, na alipokuja mtu kumuuliza kama maharage yameiva, hakujibu. Yalikuwa yameiva. Mungu amlaze mahali pema, amwekee sinki karibu, maana hatajua kusali kwingine.

Ardhi ilikuwa imeganda, kwa hiyo mazishi yalingoja hadi Aprili. Walimzika kando ya lile jiwe dogo. Wendell alikuwepo, na fimbo mbili. Alikuwa na miaka saba tu alipofunikwa yule Eunice wa kwanza pale pale, na sasa alitupa udongo kwa wa pili.

Jioni ile Merle alipanda mlima na foronya chini ya kwapa. Aliweka Biblia mezani, akaifungua kwenye ile fotokopi, ambayo alikuwa ameigandisha kwenye mshono kwa gundi ya maji. Chini ya majina ya zamani palikuwa na nafasi.

"Nimeona akina Eunice wote wawili hawamo," alisema. "Tangu Mehitable autoe ukurasa 1838, hakuna wa Mlimani aliyeandikwa. Unanipa ruhusa?"

Wendell alitikisa kichwa kukubali. Merle akalamba ncha ya kalamu, akainama, akaandika. Hakuna kilichotokea. Akajaribu tena. Karatasi ilikuwa bado na ubaridi wa friza, na wino haukutaka kushika.

"Ipashe moto basi," Wendell alisema.

Merle aliinamisha uso, akaupulizia ukurasa pumzi yake ya joto, mara tatu, mara nne, kama mtu anayeamsha makaa. Kisha akaandika, na safari hii wino ukashika: *Eunice, 1919 hadi 1921.* Na chini yake: *Eunice, wa pili wa jina hilo.*

"Tarehe?" aliuliza.

"Nipe mimi kalamu," Wendell alisema. "Hizo nazijua."